Maurice Wilks: baba wa Land Rover aliyetaka gari liendeshwe kwa turbini

Katika kisiwa cha Anglesey, kaskazini-magharibi mwa Wales, lipo kaburi la mhandisi aliyefariki dunia tarehe 8 Septemba 1963. Jiwe la kaburi lake linamtaja kuwa mtu mpole, mnyenyekevu na aliyependwa sana, na katika kazi zake zote linachagua moja tu ya kukumbukwa: kwamba ndiye aliyeongoza kupatikana kwa gari la kwanza duniani kuendeshwa kwa injini ya turbini. Land Rover haikutajwa kabisa.

Msikilizaji wetu aliyekulia Tororo, Busia au Malaba huenda akashangaa. Kwake yeye, kama jina la Maurice Wilks lina uzito wowote, ni kwa sababu ya Landrova, kama wengi walivyoiita: gari la bodi bapa isiyoshika kutu, lililopita katika udongo mwekundu chini ya Mwamba wa Tororo likiwa na afisa wa kilimo, mhudumu wa afya, padri au askari. Watoto walilijua kwa mlio kabla hawajaliona. Gari la turbini halikupata kuonekana katika barabara hizo. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu mmoja aliyeyasimamia magari hayo mawili kwa wakati mmoja, na sababu zilizofanya moja lifike mpakani kwetu na jingine liishie makumbushoni.

Maurice Fernand Cary Wilks alizaliwa tarehe 19 Agosti 1904 katika kisiwa cha Hayling, pwani ya kusini ya Uingereza. Mwaka 1922, akiwa kijana wa miaka 18 hivi, aliingia katika kiwanda cha magari cha Hillman mjini Coventry. Kaka yake Spencer, aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka 13, alioa binti wa mzee Hillman na kupanda hadi kuwa mmoja wa viongozi wa kiwanda hicho. Lisemwe bila kuficha: Maurice alipita katika mlango uliokuwa umekwisha kufunguliwa. Hata hivyo hakubweteka. Kuanzia 1926 hadi 1928 alifanya kazi Marekani katika kampuni ya General Motors, akajionea namna magari yanavyoundwa kwa wingi mno, kisha akarudi Hillman. Mwaka 1930 alihamia Rover, ambako Spencer alikuwa amemtangulia.

Rover ya wakati huo ilikuwa kampuni iliyochechemea kifedha. Ndugu hao wawili waliiokoa kwa kugawana kazi: Spencer alishika uongozi na hesabu, Maurice akawa mhandisi mkuu. Magari waliyoyatoa katika miaka ya 1930 hayakuwa ya mbio wala ya anasa kuu. Yalikuwa magari ya watu wa heshima, madaktari na mameneja wa benki, waliotaka kitu imara kisicho na makelele. Kama vita visingekuja, yaelekea Maurice Wilks angemaliza maisha yake akiyaboresha magari ya aina hiyo, nasi tusingekuwa na sababu ya kumtaja leo.

Vita vilikuja, na mwaka 1940 serikali ya Uingereza iliikabidhi Rover jambo lililokuwa siri kubwa. Frank Whittle, afisa wa jeshi la anga, alikuwa amebuni injini ya ndege isiyo na pistoni. Mfano wake wa kwanza ulikuwa umewashwa mwaka 1937, na serikali sasa ilitaka injini hizo ziundwe viwandani kwa idadi kubwa. Rover ilipewa kazi hiyo katika miji midogo ya Barnoldswick na Clitheroe, kaskazini mwa Uingereza.

Kwa wasiopata kuiona injini ya namna hiyo, kanuni yake si ngumu kueleza. Injini ya gari la kawaida hufanya kazi kwa vishindo: mafuta hulipuka ndani ya silinda, pistoni husukumwa, kisha moshi hutolewa na mzunguko kuanza upya. Turbini haina vishindo. Hewa huvutwa kwa wingi kutoka mbele na kubanwa, mafuta humwagwa ndani yake yakawaka bila kukatika, na ule upepo wa moto hutoka kwa nguvu ukigonga mapanga yaliyopangwa kuzunguka gurudumu. Gurudumu hilo huzunguka kwa makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika. Wakazi wa Tororo wanaye jamaa wa karibu wa mashine hii huko Jinja, ambako maji ya Mto Nile huyasukuma mapanga ya mitambo ya Owen Falls. Tofauti ni kwamba Jinja kinachosukuma ni maji, na katika injini ya Whittle kinachosukuma ni hewa iliyochomwa.

Wilks na Whittle hawakupatana. Whittle aliiona kazi ile kuwa yake, na akaamini kwamba wahandisi wa Rover walikuwa wanaibadilisha michoro yake nyuma ya mgongo wake. Wilks naye aliona kwamba mbunifu ni mmoja na mwundaji ni mwingine, na kwamba michoro ile ilihitaji kurekebishwa ili iweze kuundwa kiwandani. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na fahali wawili hawakai zizi moja. Wahandisi wa Rover walifika mahali pa kuchora injini yao wenyewe, ambamo hewa ilipita moja kwa moja badala ya kugeuzwa ndani kwa ndani kama katika mchoro wa Whittle. Mwishoni mwa 1942, Spencer Wilks alikutana na mkuu wa Rolls-Royce, Ernest Hives, katika hoteli moja mjini Clitheroe, na wakakubaliana kubadilishana: Rolls-Royce ichukue injini za ndege, Rover ichukue utengenezaji wa injini za vifaru za Meteor. Injini ile ambayo Rover ilianza kuichora ikawa miongoni mwa misingi ya injini za ndege zilizoipatia Rolls-Royce sifa duniani.

Hivyo Rover iliipoteza turbini, lakini watu wake walikuwa wamekwisha kujifunza. Vita vilipomalizika, Maurice Wilks aliwaajiri wahandisi vijana waliotoka Rolls-Royce, akiwamo Frank Bell na mpwa wake mwenyewe, Spencer King, akawapa swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu: je, mashine inayorusha ndege inaweza kufanywa ndogo kiasi cha kuendesha gari la familia?

Wakati huohuo kampuni ilikuwa katika dhiki. Chuma cha bati kilikuwa kinagawiwa na serikali kwa kipimo, na waliopata zaidi ni wale waliouza bidhaa zao nje ya nchi. Magari ya madaktari na mameneja hayakuwa na soko kubwa ng'ambo. Jibu la tatizo hilo lilitoka shambani. Wilks alikuwa na shamba huko Anglesey, na alilitumia gari aina ya Jeep lililobaki baada ya vita, limechakaa na vipuri vyake ni vya shida. Inasimuliwa kwamba mwaka 1947, akiwa na kaka yake kwenye ufuo wa Red Wharf Bay, alichora kwa kijiti mchangani umbo la gari ambalo Rover ingeweza kuunda badala ya Jeep lile.

Kilichofuata kilikwenda kwa haraka ya kushangaza. Kwa kuwa bati la chuma lilikuwa adimu, bodi ilitengenezwa kwa aloi ya aluminiamu, ambayo ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kwa kuwa hapakuwa na fedha za mashine za kukunja bodi yenye mapindo, pande zake zilifanywa bapa. Rangi ya kwanza ya kijani ilitokana na akiba ya rangi iliyobaki kwenye ndege za kivita. Injini, ya ukubwa wa lita 1.6, ilichukuliwa katika gari la kawaida la Rover. Kulikuwa na mahali pa kuunganishia mkanda ili gari lisimame shambani na kuendesha mashine ya kupura nafaka au pampu ya maji. Tarehe 30 Aprili 1948 gari hilo lilionyeshwa Amsterdam kwa jina la Land Rover. Wakubwa wa Rover walilihesabu kuwa suluhisho la muda, la kuivusha kampuni katika miaka michache ya uhaba. Kufikia mwaka 1966 walikuwa wameunda Land Rover nusu milioni.

Ukilitazama gari lile kwa macho ya fundi wa Tororo, utaona kwamba karibu kila sifa yake ilizaliwa na uhaba. Bodi ya aluminiamu haikuliwa na kutu katika mvua za Aprili. Bati bapa likibonyea, fundi aliligonga kwa nyundo likarudi. Bodi ilifungwa kwa bolti, na kipande kilichoharibika kiliweza kutolewa chenyewe. Injini yake ilieleweka kwa yeyote aliyewahi kufungua injini nyingine yoyote, na kifaa kikivunjika, kingine kiliweza kuchongwa kwenye karakana yenye mashine ya kukereza vyuma. Wilks hakulibuni kwa ajili ya Bukedi wala Busia. Alilibuni kwa ajili ya tope la Wales, na tope halina uraia.

Sasa tulitazame gari jingine. Mwezi Machi 1950, katika uwanja wa mbio wa Silverstone, Rover ililitoa hadharani gari la wazi la watu wawili lililopewa namba ya usajili JET 1. Injini ilikuwa nyuma ya viti. Hapakuwa na klachi, hapakuwa na giaboksi ya kubadilisha, hapakuwa na rejeta ya maji. Dereva alikuwa na pedali mbili tu, ya kwenda na ya kusimama. Gari liliweza kutumia petroli, dizeli au mafuta ya taa, yale yale yanayowasha kandili. Halikutikisika. Badala ya mngurumo lilitoa mvumo mkali wa juu. Klabu ya magari ya kifalme ya Uingereza iliipa Rover nishani yake ya juu, Dewar, na magazeti ya dunia yakaandika kwamba siku za pistoni zimehesabika.

Hawakuwa wapumbavu walioandika hivyo. Mwaka 1952 ulionekana kuwathibitishia maneno yao. Tarehe 2 Mei, ndege ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London ikiwa na abiria 36 katika safari ya kwanza ya kibiashara ya ndege ya jeti duniani. Ilikuwa inakwenda Johannesburg, na mojawapo ya vituo vyake njiani ulikuwa Entebbe. Kwa hiyo Uganda iliiona injini ya turbini ikibeba abiria wenye tiketi kabla ya miji mikuu mingi ya dunia. Mwezi Juni mwaka huohuo, katika barabara iliyonyooka ya Jabbeke nchini Ubelgiji, Spencer King aliliendesha JET 1 lililoongezewa nguvu likapita kasi ya kilomita 240 kwa saa. Anayesoma habari hizo mbili kwa pamoja angewezaje kuamini kwamba kinachofaa Entebbe hakitafaa Tororo?

Lakini angani na barabarani hapafanani, na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Ndege hupanda, hufikia kasi yake, na kwa saa nyingi injini hubaki katika mzunguko mmoja na mzigo mmoja. Mitambo ya Owen Falls vilevile huzunguka kwa mwendo ule ule usiku na mchana, na kwa sababu hiyo iliweza kukiendesha kiwanda cha saruji cha Tororo, na tangu 1958 kuvusha umeme kwenda Kenya kwa nyaya zilizopita Tororo. Turbini hupenda kazi moja, isiyobadilika, isiyokatizwa. Ukiipa kazi hiyo itakutumikia miaka na miaka. Ukiitaka iende polepole, haipunguzi ulaji wake kwa kadiri ile ile: lazima iendelee kuvuta na kuibana hewa nyingi ili moto usizimike, hata kama magurudumu hayasogei.

Na gari, hasa gari la mpakani, lina kazi gani isipokuwa kubadilika? Dereva anayetoka Kampala hupunguza mwendo Mukono, hungoja Jinja, hukwepa ng'ombe Bugiri, husimamishwa na askari, huongeza kasi, hupunguza tena. Akifika Malaba hukuta foleni. Wasikilizaji wetu wanaikumbuka ile ya Januari 2022, madereva wa malori walipogoma kwa ajili ya ada ya vipimo vya UVIKO-19: malori yakajipanga kwa kilomita nyingi upande wa Kenya, na bei ya petroli ikapaa Uganda nzima, kwa kuwa mafuta yetu huja kwa barabara kutoka upande huo. Injini ya dizeli katika foleni hunywa kidogo sana, na dereva akichoka huizima na kuiwasha tena bila hasara. Turbini katika foleni hiyo ingeendelea kunywa mafuta mengi, na kila kuizima na kuiwasha kungekuwa ni kuyapasha mapanga yake moto mkali na kuyapoza, jambo ambalo huchosha chuma.

JET 1 ilikwenda kilomita 2 hivi kwa lita moja. Hesabu safari ya Tororo hadi Kampala, zaidi ya kilomita 200: tangi lingemeza zaidi ya lita 100. Land Rover ya petroli ya miaka ile, ambayo haikusifiwa kwa ubahili, ingetosheka na theluthi ya hizo. Uwezo wa kutumia mafuta ya taa, ambao kwa mkazi wa Busia ungeonekana kuwa neema, haukuwa neema tena gari lilipohitaji mtungi kwa kila kijiji.

Kulikuwa na matatizo mengine. Dereva alipokanyaga pedali, alisubiri sekunde kadhaa kabla gurudumu halijashika kasi na nguvu haijafika chini. Jaribu kulipita lori mbele ya kona kwa injini kama hiyo. Alipoachia pedali katika mteremko, gari halikuzuiwa na injini kama tulivyozoea, maana gurudumu la nguvu lilikuwa huru, halikushikana na lile linalobana hewa. Kazi yote ya kuzuia mwendo iliangukia breki. Anayeijua miteremko ya Bonde la Ufa, kutoka Kinungi kwenda chini akiwa na mzigo, haelezwi maana yake. Zaidi ya hayo, mapanga yalitaka aloi ghali za nikeli zinazostahimili joto, yaliyochongwa kwa usahihi ambao hakuna karakana ya kandokando ya barabara ingeweza kuurudia. Na injini iliyovuta hewa nyingi hivyo ilivuta pamoja nayo kila kilichoelea hewani. Tororo wakati wa kiangazi, kwa vumbi la barabara na la kiwanda cha saruji, si mahali pa kuiwekea mashine ya namna hiyo bila chujio kubwa kupita kiasi.

Wilks aliyajua mengi ya haya, na itakuwa dhuluma kumchora kama mtu aliyeota mchana. Alikubali kwamba tatizo kubwa ni moto unaopotea kwa nyuma, na wahandisi wake wakatafuta namna ya kuurudisha: moshi unaotoka upitishwe kwenye kifaa kinachopasha moto hewa inayoingia, ili mafuta machache zaidi yahitajike. Gari lililoitwa T3, la mwaka 1956, lilikuwa na kifaa hicho pamoja na nguvu kwenye magurudumu yote manne, na ulaji wake ulipungua kufikia nusu hivi ya ule wa JET 1. Likafuata T4 mwaka 1961, gari la milango minne, lenye injini mbele, la kupeleka watoto shule. Nalo lilikuwa zuri. Lakini kila hatua iliyopunguza mafuta iliongeza uzito, ukubwa na gharama, wakati pistoni zilizotabiriwa kifo zilikuwa zinaboreshwa kila mwaka bila kelele. Kampuni tanzu ya Rover ilifanikiwa zaidi ilipouza turbini ndogo za kuendesha pampu na jenereta, yaani zilipopewa kazi isiyobadilika.

Hata Chrysler ya Marekani, yenye fedha ambazo Rover haikupata kuziota, ilikumbana na ukuta ule ule. Kuanzia 1963 iliwaazima watu wa kawaida zaidi ya 200, kwa zamu, magari 50 ya turbini ili wayajaribu katika maisha yao ya kila siku. Wengi waliusifu ulaini wake. Walilalamikia uzito wa kuondoka na mafuta iliyokula. Majaribio yalipokwisha, kampuni iliyakusanya magari hayo na kuyaharibu karibu yote.

Wilks aliishi kuona siku moja kubwa ya turbini barabarani. Tarehe 15 na 16 Juni 1963, katika mashindano ya saa 24 ya Le Mans nchini Ufaransa, gari lililoundwa na Rover pamoja na kampuni ya magari ya mbio ya BRM lilikimbia likiwa na namba 00, nje ya orodha ya washindani, kwa kuwa hapakuwa na daraja lililolifaa. Waliliendesha kwa zamu Graham Hill, aliyekuwa bingwa wa dunia, na Richie Ginther wa Marekani. Lilikimbia mchana na usiku kwa wastani wa kilomita 173 kwa saa, na kama lingehesabiwa lingeshika nafasi ya nane. Halikusumbua. Le Mans ya wakati huo, yenye barabara ndefu zilizonyooka, ilikuwa karibu sana na anga kuliko barabara yoyote nyingine, na mafuta yalingoja kwenye kituo.

Miezi mitatu baadaye Maurice Wilks alifariki ghafla, akiwa mwenyekiti wa kampuni na mwenye umri wa miaka 59. Mwezi uliofuata Rover ilizindua gari lake jipya, Rover 2000. Umbo lake lilikuwa limetumika kwa ajili ya T4, na nafasi ya injini ilikuwa imeachwa pana kwa sababu palikuwa na wazo la kuitia turbini siku moja. Waliolinunua walipewa injini ya pistoni nne.

Gari la Le Mans lilirudi uwanjani mwaka 1965, Graham Hill akisaidiana na Jackie Stewart. Safari hii lilikuwa na kifaa cha kurudisha joto kilichotengenezwa kwa udongo wa kauri, na ulaji wake wa mafuta ulikuwa umepungua kwa karibu nusu. Mapema katika mashindano Hill alitoka kidogo nje ya njia kwenye kona, na injini ikavuta mchanga. Ncha za mapanga zikaharibika, joto likapanda, na kwa muda wote uliobaki madereva walilazimika kulibembeleza. Lilimaliza la kumi. Kwa gari lililokula mchanga ni matokeo ya kuheshimika, ila ulikuwa mchanga wa kona moja tu.

Mwaka 1967 Rover ilichukuliwa na Leyland, kampuni ambayo malori yake yalijulikana sana Afrika Mashariki. Leyland iliona kwamba kama turbini ina nafasi popote barabarani, ni katika lori kubwa la safari ndefu, linalokwenda mwendo mmoja kwa saa nyingi. Mwaka uliofuata ilionyesha lori la namna hiyo jijini London. Mapema katika miaka ya 1970, bei ya mafuta duniani ikiwa inaelekea kupanda, mradi ulikufa. JET 1 ilikuwa imekwisha kupelekwa katika Makumbusho ya Sayansi ya London. Na katika muongo huohuo, Leyland ilifungua kiwanda mjini Thika, nchini Kenya, na miongoni mwa magari yaliyounganishwa humo ilikuwamo Land Rover.